Naenda Omani kazi za ndani na mimi ni Mkristo, ibada kule inakuwaje?

Neema_Moro:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naombeni ushauri wa kweli jamani maana zimebaki wiki tatu nisafiri. Nimepata kazi ya ndani Omani kupitia wakala wa hapa Dar, mkataba miaka miwili, nyumba iko Barka, naambiwa ni mwendo kidogo kutoka Muscat. Mimi ni Mlutheri, nimekulia kwaya, tangu niko darasa la nne Jumapili sijakosa labda niwe naumwa.

Sasa mama halali. Jirani kamwambia kule dini ya serikali ni Uislamu kwa hiyo ukishuka uwanja wa ndege Biblia wanakunyang'anya na baada ya miezi miwili mitatu wanakusilimisha utake usitake. Mchungaji wangu naye hakusema nisiende ila aliniombea muda mrefu mpaka nikaogopa mwenyewe.

Naomba mnielewe, sitafuti mtu wa kuniambia Waislamu wabaya. Shangazi zangu upande wa baba ni Waislamu, Idi tunakula kwao Krismasi wanakuja kwetu na hakuna aliyewahi kumkwaza mwenzake. Ila kwetu hakuna dini ya serikali, kule ipo, ndio nataka kujua hiyo kitu kwenye maisha ya kila siku inamaanisha nini. Kanisa lipo? Naruhusiwa kubeba Biblia? Ramadhani nitalazimishwa kufunga? Walioishi kule naombeni mniambie.

Nesi_wa_Ruwi:
Mdogo wangu Neema pole na presha. Mimi niko Muscat mwaka wa saba, ni nesi, Mkatoliki, kwetu Songea. Mwambie mama apumue kwanza.

Biblia yako utaingia nayo, mimi niliingia nayo kwenye begi la mkononi na hakuna aliyeniuliza kitu. Iwe moja tu ya kusoma mwenyewe, usije na boksi la vitabu vya kugawa maana hapo utaeleweka vingine, kuhubiria Waislamu kule ni marufuku kabisa na hilo hawana utani nalo.

Makanisa yapo. Muscat kuna maeneo mawili makubwa, Ruwi na Ghala, na kule kusini Salalah lipo pia. Viwanja walitoa wao wenyewe, Sultani Qaboos enzi zake. Ukifika Ghala Ijumaa asubuhi utashangaa, ni uwanja mmoja lakini ndani kuna Wakatoliki, Waprotestanti, Waorthodoksi wa Kihindi, kila mtu na saa yake. Wahindi wa Kerala wanatoka misa ya Kimalayalam, Wafilipino wako nje na magitaa yao wanasubiri zamu, watoto wanakimbizana kwenye magari, ubani wa Waorthodoksi unakufuata mpaka huku unakoimba wewe. Ukumbi mmoja unaweza kutumiwa na vikundi vitatu vinne kwa siku moja mnapishana mlangoni. Mara ya kwanza nilisimama pale nikalia, nilikuwa nimekaa miezi minne nikijua niko peke yangu.

Ibada kubwa ni Ijumaa sio Jumapili, hilo lizoee. Wiki yao mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu yetu. Jumapili ibada ipo ila jioni watu wakitoka makazini.

Kuhusu sheria, katiba yao wanaiita Sheria ya Msingi ya Dola, ilitoka 1996 wakaiandika upya 2021. Inasema dini ya dola ni Uislamu na sharia ndio msingi wa kutunga sheria, na humo humo inalinda uhuru wa mtu kufanya ibada yake mradi asivuruge utulivu na asiende kinyume na adabu za watu. Sasa hayo maneno ya mwisho ndio yenye kazi. Kwa vitendo maana yake ni kwamba ibada inafanyika kwenye eneo lililosajiliwa na Wizara ya Awqafu (mali za wakfu) na Mambo ya Dini, sauti isitoke nje ya uzio, na kukusanyana kusali kwenye fleti ya mtu hairuhusiwi ingawa wapo wanaofanya. Ramadhani hakuna wa kukulazimisha kufunga ila kula au kunywa hadharani mchana ni kosa kisheria hata wewe Mkristo, hata chupa ya maji usinyanyue barabarani.

Mama_Brayan:
Nesi amesema kweli yote ila dada Neema ngoja nikwambie na mimi maana mimi nilikuwa kadama, mfanyakazi wa ndani kama wewe, sio nesi. Miaka miwili, upande wa Sohar huko.

Hilo kanisa la Ghala nimeliona kwenye simu tu. Miaka miwili sikukanyaga kanisani hata siku moja na sio kwamba serikali ilinikataza, serikali haikujua hata kama nipo. Ijumaa ndio siku ya kazi kubwa kuliko zote. Ukoo mzima unakuja kula kwa wazee, wali sinia nne mpaka tano, nyama, masufuria ambayo mwenyewe unaweza kuingia ukakaa, unaamka saa kumi alfajiri unalala saa saba usiku. Siku ya mapumziko haikuwepo. Pasi ya kusafiria ilikuwa kabatini kwa bosi mwanaume na simu nilikuwa napewa jioni. Sasa hapo hata kanisa lingejengwa ukuta kwa ukuta na ile nyumba lingenisaidia nini?

Madam hakuwahi kuniambia nisilimu. Wale mabinti zake ndio walikuwa wananiambia, ukiwa Mwislamu tutakupenda zaidi, kitoto tu, na siku moja mmoja akasema mbele za wageni kwamba chombo changu cha kulia kitengwe. Hilo liliniuma siku nyingi. Kwa hiyo huo woga wa mama yako haukutoka hewani.

Lakini kuna kitu na hiki nakisimulia kila nikiulizwa. Pale nyumbani kulikuwa na bibi, mama wa bosi, mtu mzima sana, kuinuka mpaka ashikwe. Mimi nilikuwa nasali usiku kwenye kile chumba cha kufulia, napiga magoti kwenye vigae kati ya mashine na ndoo. Usiku mmoja bibi alikuwa anatafuta maji akanikuta. Mimi nikaganda, nikajua kesho narudishwa. Akaniangalia akasema, nisali nimalize. Akaondoka anajikokota, mimi sijainuka akarudi na mswala wake wa zamani, ule wa kijani uliochakaa pembeni, akautupa pale chini akaonyesha magoti yangu. Hakusema neno jingine. Niliutumia mpaka naondoka na madam alikuwa anauona unaanikwa hakusema kitu kwa sababu umetoka kwa bibi.

Kwa hiyo dada usiulize sana Omani ikoje, uliza hiyo nyumba ya Barka ikoje.

Mkweli_Mtupu:
Mnamdanganya binti wa watu. Nchi ya Kiislamu ni nchi ya Kiislamu. Na hao Waomani ndio balaa zaidi maana ni Ibadhi, dhehebu lao hilo la Kiislamu, hao ni Khawarij, wale waasi wa mwanzo wa Uislamu, Waislamu wenzao tu hawawatambui sembuse Mlutheri. Mwambieni abaki kwao alime.

Babu_Matrah:
Assalaam alaykum, na kwa wasio Waislamu habari zenu. Mie ni Mzanzibari kwa kuzaliwa, tuliletwa huku mdogo mwaka 1974, na mie ni huyo huyo Ibadhi anayetajwa hapo juu. Naomba Mkweli asinikatie kauli nimalize.

Sie hatujiiti Khawarij na hatukubali kuitwa hivyo. Waliojitenga wakamwaga damu ya Waislamu wenzao kwa kuwakufurisha, yaani kuwaita makafiri, wazee wetu waliwakataa mapema, na imamu wetu Jabir bin Zayd ni mtu wa hapa hapa karibu na Nizwa aliyesomesha Basra. Mwaka 2005 kule Amman, Jordan, maulamaa wa nchi nyingi, Sunni na Shia, waliweka saini kwamba Ibadhi ni Mwislamu na hafai kukufurishwa. Basi hilo la kutotambuliwa liache.

Na unaposema dini ya dola ni Uislamu, Uislamu gani? Ingia msikiti wowote Maskati utazame watu kwenye safu moja. Mie mikono nimeiachia chini, huyu Msunni wa Sur kaifunga kifuani, imamu akimaliza kusoma sura ya Alhamdu mie nimenyamaza yeye anaitikia Amin, na hapana anayemgeukia mwenziwe. Kule kusini Dhofar wengi ni Sunni, Mabulushi, wenye asili ya Baluchistan, nao Sunni, na Matrah pale ufukweni wapo Walawati, hao ni Shia, wana mtaa wao wa zamani wenye ukuta na lango, na msikiti wao unauona kutoka baharini. Serikali haichapishi hesabu ya nani ni nani, na mie naona ni busara. Hotuba za Ijumaa nazo zinatoka wizarani, imamu hapandi mimbari akatukana madhehebu ya mtu. Wapo wanaolalamika kwamba hilo linawabana, na kweli linabana, lakini nimeona nchi ambazo halibani na nimeona yaliyowafika.

Wahindi ndio usiseme. Hekalu la Shiva lipo Maskati ya zamani, hatua chache na kasri ya Al Alam, waziri mkuu wao Modi alikwenda kusali hapo 2018. Mabaniani, wafanyabiashara wa Kihindu wa Kutch na Sindh, wapo hapa karne na karne, na mmoja wao, Kanaksi Khimji, Mhindu wa dini kabisa, Sultani Qaboos alimpa cheo cha sheikh. Kafariki 2021. Na hayo hayakuanzia huku peke yake, nyinyi mnaoijua Unguja mnajua Seyyid Said alipohamia na Mabaniani wake forodha akamkodisha Jairam Shivji, na Seyyid Barghash akatoa saa ya mnara wa kanisa la Mkunazini. Sie tumekulia tukisikia kengele ya kanisa la Minara Miwili na adhana pamoja. Mufti wetu wa hapa, Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, kazaliwa Mfenesini, Kiswahili anakijua.

Mkwe wangu wa kike, mtu wa Matrah asili, kazaliwa kwa mikono ya wamisionari wa Kimarekani. Walikuja hapa 1893 wakajenga hospitali, watu waliwapenda sana na waliosilimu kwao, nataka kusema waliobatizwa, walikuwa wa kuhesabu vidole. Bado wazee wanawataja kwa kheri.

Mwanangu Mama Brayan, hilo la chombo kutengwa limeniumiza. Hiyo si dini. Wallahi chakula cha watu wa Kitabu, yaani Wakristo na Mayahudi, ni halali kwetu kwa aya ya Qurani, itakuwaje chombo? Hicho ni kibri cha pesa na rangi kimevishwa kanzu. Nakuomba radhi kwa niaba ya watu wazima wa hapa.

Mkweli_Mtupu:
Mzee nimekusoma, lugha yangu ilikuwa kali, samahani kwa hilo la Khawarij. Lakini nijibu hili moja. Kanisa wanapewa wageni. Je Mwomani mzawa akitaka kuingia hilo kanisa akabatizwe, itakuwaje? Maana uhuru wa dini naujua mimi ni pamoja na wa kutoka.

Babu_Matrah:
Umeuliza vizuri na sitakuzungusha. Hapana, hilo halipo. Sheria ya jinai haina kifungu kinachosema aliyeritadi, yaani aliyetoka kwenye Uislamu, afungwe, lakini kwenye mambo ya familia baba akitoka kwenye Uislamu anapoteza haki zake kwa watoto, mwanamke Mwislamu haolewi na asiye Mwislamu, na kabla hata ya mahakama ukoo wenyewe umeshamtenga. Na kutukana dini, kwa sheria ya 2018, kifungo ni miaka mitatu mpaka kumi, na nani anaamua kipi ni tusi ndipo pagumu. Basi ukiniambia Omani kila mtu anaruhusiwa kubaki na dini aliyokuja nayo, nitakubali. Ukiniambia kila mtu anaruhusiwa kuchagua, nitakuwa muongo. Mie naipenda nchi hii, imetupokea hatuna hata ndoo, lakini hilo ndilo lilivyo.

Na jengine niliseme mwenyewe kabla sijaulizwa. Tarehe 15 Julai 2024, usiku wa kuamkia Ashura, siku ya maombolezo ya Mashia, Mashia wamekusanyika msikiti wa Imam Ali hapa Maskati, huko Wadi Kabir, wakapigwa risasi. Sita waliuliwa, Wapakistani wanne, Mhindi mmoja na askari polisi mmoja, na wauaji wenyewe walikuwa watatu, ndugu wa tumbo moja, Waomani. Mwanangu anakaa upande huo, usiku ule hatukulala, simu mkononi mpaka alfajiri. Tulikuwa tukijisifu kwamba haya huku hayaji. Kilichotuuma zaidi si kwamba yamekuja, ni kwamba yametoka ndani. Kesho yake watu wa kila madhehebu walijaa kutoa damu na kutoa pole. Lakini toka hapo mie nikimsikia kijana anamwita mwenziwe kafiri kwa mzaha simwachii, hata barazani hata kwenye hizi simu, na ndio maana nimekujibu kwa urefu, nakuomba uniwie radhi na wewe.

Nesi_wa_Ruwi:
Mzee asante sana. Nakumbuka usiku ule, zamu yangu. Majeruhi walikuwa wengi na hospitali zote tuliitwa kazini, tulikuwa tunafunga vidonda huku Mashia, Wasunni, Wahindi, mimi na rozari yangu mfukoni, hakuna aliyekuwa anauliza.

Neema, turudi kwako maana siku zinaenda. Mama Brayan kakuambia kitu ambacho mimi sikukijua vizuri, nakiri. Sisi wa hospitali tuna ratiba, tuna mabasi, pasi zetu tunazo wenyewe. Nyinyi wa majumbani mna utaratibu wenu tofauti na wa wafanyakazi wa makampuni na kinga yenu ni ndogo. Kwa hiyo ibada yako itategemea vitu ambavyo wala sio vya dini. Je mkataba una siku ya mapumziko imeandikwa? Siku gani? Simu unabaki nayo? Pasi inakaa kwa nani? Muulize wakala haya manne na majibu yawe kwenye karatasi. Akikujibu "utaelewana nao ukifika" ujue jibu ni hapana.

Neema_Moro:
Nimesoma yote mara mbili nikamsomea na mama, ile ya bibi na mswala alinyamaza muda mrefu halafu akaniambia nisome tena.

Leo asubuhi nimempigia wakala. Nimemuuliza kama nesi alivyosema. Kwanza alicheka, akaniambia nyie mabinti wa siku hizi mnataka kwenda kanisani au kutafuta hela. Nikamwambia vyote viwili. Akasema mkataba hauna siku ya mapumziko ila "Waarabu wa Barka ni wazuri". Nikamwomba nizungumze na madam mwenyewe kabla sijasaini, akakataa, nikamwambia basi siendi. Mchana akanipigia yeye mwenyewe, kaniunganisha na madam kwa video.

Madam anaongea Kiswahili! Bibi yake ni wa Pemba. Nikamwambia ukweli kwamba mimi ni Mkristo na ningependa hata mara mbili kwa mwezi nipate muda wa ibada. Akauliza Ijumaa? Nikasema ndio. Akasema Ijumaa ngumu sana kwa sababu ya wageni, lakini Jumapili jioni watoto wanakuwa tuisheni Muscat na dereva anawapeleka, naweza kushuka njiani nikachukuliwa wakirudi. Nikamwomba aiandike. Amesema atamuuliza mumewe.

Mpaka sasa hivi hawajajibu na nimeshamwambia wakala bila karatasi sisaini. Babu, dada zangu, Ghala na barabara ya kutoka Barka vinaelekeana au nimedanganywa?

Nesi_wa_Ruwi:
Vinaelekeana, dereva akitokea Barka anapita Seeb kisha Ghala ndio anaendelea mjini, kwa hiyo kushuka njiani ni kweli sio uongo. Wakiandika niambie saa anazopita nikutafutie ibada inayoingiliana nayo. Na kama anaongea Kiswahili muulize pia kuhusu simu.

Mama_Brayan:
Na pasi Neema. Usisahau pasi.

Babu_Matrah:
Wakishakupa jina la ukoo wa hiyo nyumba mwanangu niandikie faragha. Barka mke wangu ana watu, tutauliza.